Dari ya Mifuko ya Unga

Wengine utoto wao waliukimbilia mitaani. Mimi mwaka mzima wa utoto wangu niliukaa chali, kitandani, nikitazama bati. Nilikuwa na kifua. Siku hizi kila kifua kina jina lake hospitalini, lakini wakati ule kilikuwa kifua tu, na mtoto mwenye kifua alikuwa hakimbii, hachezi rede, hali maembe mabichi, na kila mtu mzima anayepita anamwambia avute pumzi taratibu. Nilichukia kuambiwa hivyo. Hadi leo mtu akiniambia taratibu nafsi yangu inawaka, na watoto wangu wanalijua hilo.

Chumba chetu kilikuwa cha pili mkono wa kushoto, katika nyumba ya vyumba sita, Mtaa wa Mchikichi, pale Kariakoo. Tuliishi watatu: baba, mama na mimi. Nyumba ilikuwa imeezekwa zamani kwa madebe yaliyokunjuliwa, na kutu ilikuwa imeyatafuna mpaka yakawa na vitundu vidogo vidogo visivyohesabika. Mchana wa jua kali mwanga ulipenya mle, kwa hiyo mimi nilikuwa na nyota zangu saa sita mchana. Nilizijua moja moja. Ilikuwepo kubwa moja juu ya mlango, na tatu zilizofuatana juu ya sanduku la nguo, na moja ndogo ya uchokozi iliyokuwa inanimulika jichoni kila jua likielekea Buguruni. Nilikuwa nasinzia, naamka, nazikuta zimesogea sakafuni, nasinzia tena. Sauti za sokoni zilinifikia kwa mbali, wauza nazi, wachukuzi wakiomba njia, redio ya jirani, na zote zilikuwa zimechanganyika na usingizi kiasi kwamba mpaka leo sijui lipi nililisikia na lipi nililiota.

Ubaya wa nyota zile ni kwamba masika zilikuwa zinakojoa.

Mabati mapya yalikuwa kwa kibali siku hizo. Kibali kilikuwa kwa foleni, na foleni ilikuwa kwa mwenye kumjua mtu. Mwenye nyumba wetu, bibi wa Kizaramo mfupi mwenye mdomo mrefu, alikuwa ameandikisha jina lake kitambo. "Mabati yanakuja," alisema kila mwezi, akijipepea na ncha ya khanga. Basi ikinyesha tulitandaza masufuria, mabakuli na kopo la maziwa, na mama aliburuta kitanda usiku kucha kutafuta pembe isiyovuja. Pembe hiyo haikuwepo.

Kabla yangu mama alizaa mtoto wa kiume. Alikufa na miaka miwili, kifua hichohicho, chumba hichohicho, masika. Wazazi wangu hawakumtaja. Ila mawingu yakianza kukusanyika, baba, aliyekuwa fundi viatu na kazi yake akiifanyia barazani, alikuwa anaacha kugonga nyundo. Nikiwa ndani nilisikia ukimya ule, nikajua mvua inakuja kabla sijasikia tone la kwanza.

Nilimpenda baba kwa harufu yake. Ilikuwa ya ngozi, gundi na nta. Alikuwa na donge la nta ya nyuki ukubwa wa ngumi ya mtoto, jeusi kwa kushikwa, lililochimbika mifereji. Hakutumia uzi wa dukani. Alichambua katani, akaisokota pajani mpaka ikawa uzi, kisha akaupitisha kwenye lile donge mara tatu, na uzi ukapiga kelele ndogo kila ulipovutwa. Siku nilizokuwa na nafuu nilikaa kando yake nikiisikiliza kelele ile. "Uzi usio na nta unakunywa maji," alikuwa ananiambia. "Ngozi inaweza kuwa nzuri namna gani, maji hayaingilii kwenye ngozi. Yanaingilia pale pa sindano." Mimi nilijibu ndiyo baba, huku nimeshikilia donge lake puani.

Mwaka ninaousimulia, daktari alimwambia mama mbele ya baba kwamba mtoto huyu asilale penye unyevu, la sivyo tusije tukamlaumu mtu. Baba alirudi nyumbani, akarudi kwenye viatu vyake. Jioni, chakula kimeshaliwa, akasema nipelekwe kusini kwa bibi, mama yake. Bibi alikuwa amehamia kijiji kipya cha ujamaa, huko juu kwenye uwanda, nyumba mpya ya nyasi nene, hewa kavu, zahanati karibu.

Mama alikuwa anaosha sahani. Hakugeuka.

"Mwanangu haendi popote."

"Mke wangu, nani anataka kumfukuza? Tumeshazika mmoja."

"Nami ndiye niliyemzaa huyo tuliyemzika. Nikimpeleka huyu safari ya siku tatu nitajuaje amelalaje, amekohoaje? Nipe mpaka masika. Nitakikausha hiki chumba."

"Kwa kitu gani? Kwa mate?"

Mama aliendelea kusugua sahani. Mimi nilivuta shuka mpaka puani. Nilikuwa na miaka tisa, na bibi nilimwogopa, kwa kuwa nilikuwa sijamwona. Lakini zaidi ya bibi, niliogopa kulala mahali ambapo nikiamka simsikii mama akipuliza moto.

Kesho yake alianza. Mama alikuwa mtu wa pwani ya Lindi, na kwao, alisema, hakuna kitu kinachotoka mtini ambacho hawajui kukizuia kisinywe maji. Alitaka kutengeneza dari ya kitambaa. Kwa mwoka mikate wa mtaa wa nyuma alipata mifuko ya unga wa ngano, ile ya zamani ya pamba nzito, akaifumua, akaifua mpaka maandishi yakafifia. Kwa wauza boriti akakwangua magome ya mkoko, akayachemsha uani, akaloweka mifuko humo siku tatu. Ikatoka na rangi ya chai ya rangi. Hiyo, akanieleza, ni ya kuzuia isioze. Maji bado yangepita.

Ya kuzuia maji aliijua kutoka kwao, na hapo ndipo alipotuingiza balaani.

Bibi yangu wa kusini alikuwa ametutumia kiroba cha korosho ambazo hazijabanguliwa. Maganda ya korosho yana mafuta meusi, mazito, na kusini watu huyapaka mitumbwi na kamba, na maji hayapiti. Lakini kusini wanayakaanga shambani, mbali na nyumba, upepo ukiwa mgongoni. Mama yangu aliyakaangia uani Kariakoo, ukuta huku, ukuta huku, jiko huku, choo kule, na siku yenyewe hakukuwa na upepo wa kuzima hata kibiriti. Alitoboa debe, akaweka korosho, akawasha moto, chini akatega kopo. Moshi ukapanda mpaka usawa wa ukuta, ukakosa njia, ukageuka, ukaingia ndani.

Loo! Nakumbuka moshi ule ulivyoingia chumbani kwetu. Uliingia polepole chini ya mlango, wa bluu, ukapita katikati ya miale ya nyota zangu, na kila mwale ukaonekana umesimama wima kuanzia batini mpaka sakafuni, kama uzi uliovutwa. Sijawahi kuona kitu kizuri hivyo. Nilinyoosha mkono kuushika mmoja. Halafu kifua kikabana, na hapo sikumbuki tena mpaka nilipokuwa barazani mikononi mwa baba, yeye ananipigapiga mgongo na kuniambia taratibu, taratibu, na machozi yanamtoka, sijui ya moshi au yake.

Asubuhi iliyofuata nyumba nzima ilikuwa imevimba. Mpangaji wa chumba cha kwanza macho hayafunguki. Mke wa chumba cha tano mdomo umekuwa mara mbili. Mwenye nyumba alitoka chumbani kwake akipapasa ukuta.

"Nyie watu wa kusini!" alipiga kelele. "Mnatubangua! Nimekaa mji huu tangu nazaliwa sijawahi kukaangwa! Mtani, nimekukosea nini?"

"Nisamehe, mtani wangu," mama alisema. "Kwetu hatuna kuta."

"Basi rudi kwenu ukakaange baharini!"

Ule ulikuwa utani wa Wazaramo na watu wa kusini, na bahati yetu ilikuwa hapo. Asiyekuwa mtani angetupwa nje na vyombo vyake. Sisi tulitozwa jogoo mmoja na matusi ya wiki mbili, yakaisha. Lakini mikono ya mama ilikuwa imebabuka mpaka kwenye viwiko, ngozi inatoka vipande, na mafuta yaliyopatikana hayakujaza hata kikombe.

Baba hakupiga kelele. Angepiga ingekuwa nafuu. Alikaa ukingoni mwa kitanda changu, akasema na mama bila kumtazama.

"Nimekupa mpaka masika, na neno langu silirudishi. Lakini mvua ya kwanza kubwa nitakuwa humu ndani. Nitapapasa kitanda hiki kwa mkono wangu. Nikikuta tone moja, moja tu, kesho yake naenda kukata tiketi."

"Na ukikuta pakavu?"

"Nikikuta pakavu sitalitaja tena jambo hili."

Walikubaliana hivyo, juu yangu, kana kwamba nimelala. Sikuwa nimelala.

Aliyetuokoa alikuwa mama wa Kihindi wa ng'ambo ya barabara. Walikuwa na duka la rangi, misumari na kamba, na juu ya duka ghorofa waliyoijenga wenyewe. Serikali ilikuwa imeshaichukua, wakabaki wapangaji humo humo. Mama alikuwa anamwuzia ukili wa mikeka mara kwa mara, wakazoeana. Siku hiyo alivuka barabara na chupa ya mafuta ya nazi, akaishika mikono ya mama, akaigeuza juu na chini.

"Dada, umefanya nini?"

Mama akamweleza. Yule mama alicheka mpaka akajishika ukuta, kisha akaacha ghafla aliponiona mimi kitandani. Akaingia, akatazama mifuko iliyoanikwa, akaitekenya kwa kucha.

"Kitambaa kizuri. Bibi yangu kule kwetu alifunika magunia ya pamba kwa kitambaa hivihivi. Sio kupaka dawa kali. Nta. Nta na yale mafuta ya dukani tunayochanganyia rangi ya milango. Halafu pasi."

"Pasi?"

"Pasi ya moto. Ukipaka tu, nta inakaa juu, inapasuka. Ukipiga pasi inaingia ndani ya uzi wenyewe. Uzi ukishashiba nta, maji atakaa wapi?"

Siku ya pili yake alileta mafuta kwenye chupa ya soda. Mama akampa mkeka aliokuwa akiusuka kwa miezi mitatu, wa rangi, uliokuwa wa kuuzwa, na yule mama akaukataa mara mbili na kuupokea mara ya tatu, kama adabu inavyotaka. Nta mama aliinunua kwa muuza asali sokoni, vipande vya njano vyenye mabawa ya nyuki ndani yake.

Wiki iliyofuata ndiyo wiki niliyoipenda kuliko zote za maisha yangu, nikijumlisha na ya harusi yangu, na marehemu mume wangu anisamehe. Mama aliyeyusha nta katika sufuria dogo lililokaa ndani ya sufuria kubwa la maji, ili isiungue. Akaongeza mafuta. Akachovya brashi aliyoitengeneza kwa makumbi ya nazi, akapaka kitambaa kilichotandazwa sakafuni, kisha akashika pasi ya mkaa na kuipitisha taratibu kutoka pembe hadi pembe. Taratibu ya mama ilikuwa haiudhi. Nta iliyoganda ilikuwa inatoweka mbele ya pasi, kitambaa kinakuwa cheusi kidogo, halafu kinang'aa. Chumba kizima kilinuka asali. Nilisinzia katika harufu hiyo na kuamka ndani yake. Nje watu walikuwa wanapanga foleni ya sukari, na mimi nilikuwa ndani ya mzinga.

Alikuwa ananipa kazi ya kujaribu. Kila kipande kikipoa, aliniletea kitandani na kikombe cha maji. Nilimwaga kidogo. Maji hayakutandaa. Yalikusanyika yakawa shanga, na nilipoinamisha kitambaa shanga zikakimbizana mpaka ukingoni, zikadondoka, na nyuma yake pakabaki pakavu. Nilirudia mpaka mama akanipokonya kikombe.

"Maji yamekukosea nini, wewe?"

"Hayaingii, mama!"

"Hayataingia. Mwanangu hatalala kwa watu."

Baba alikuwa anaona. Alipita akatoka, akapita akaingia, akaruka kitambaa sakafuni. Mara moja nilimwona amechuchumaa peke yake, anapapasa pindo kwa kidole gumba jinsi anavyopapasa soli. Mama aliporudi kutoka uani akainuka haraka, akajifanya anatafuta kiatu.

Dari ilishonwa vipande vitano kuwa kimoja, na nyuzi za mishono mama akazipaka nta kama ilivyotakiwa. Ilipotundikwa, ikiinama upande mmoja ili maji yateremkie kwenye ndoo karibu na dirisha, ikaonekana imepungua. Ilifunika mguuni, ikafunika kiunoni, ikaishia mabegani mwangu. Kichwa kilibaki nje. Mama alikimbia kwa mwoka mikate, akapata mfuko mmoja wa mwisho. Akaupaka, akaupiga pasi, ukawa tayari jioni. Asubuhi yake mbingu ilikuwa imeshashuka. Akaushonea palepale, amesimama juu ya kitanda, mimi katikati ya miguu yake, kwa uzi wa pamba wa kawaida, usiopakwa kitu, kwa kuwa nta ilikuwa imekwisha. Alikuwa akishona huku anaisikilizia mvua. Nami nilikuwa nasikiliza barazani. Nyundo ya baba ilikuwa imenyamaza.

Ikanyesha. Masika ya Dar hayabishi hodi. Bati liliunguruma hata usisikie mtu akikuita, na nyota zangu zote zikageuka maji. Lakini maji yaliangukia kwenye dari, na kutoka chini niliyaona yakitembea, vivuli vidogo vya mviringo vinateremka juu ya kitambaa cha rangi ya asali, vinakutana, vinaungana, vinakwenda zao dirishani. Ndoo ikaanza kuimba. Mama alisimama mlangoni amejishika shavu. Sijui tulikaa hivyo muda gani. Nilijiona nimelala chini ya mto, na mto unapita juu yangu bila kunigusa, na nikawaza kwamba hata samaki hawajui raha hii.

Halafu tone likaniangukia shingoni.

Lilikuwa la baridi. Nililisikia likiteremka mpaka kwenye mto wa kichwani. Nikatazama juu. Pale kipande cha mwisho kilipoungana na vingine, palikuwa na doa, na katikati ya doa tone jingine lilikuwa linajaza tumbo. Nikahesabu. Kumi na nane, likadondoka. Nikahesabu tena. Kumi na nane. Nikafunika mahali pale kwa mkono wangu, kati ya shingo na bega, na tone lililofuata likapiga mgongo wa mkono wangu.

Wakati huo baba akaingia.

Alivua makubazi mlangoni. Akaja akakaa kitandani, akampa mama mgongo, na akaanza kupapasa kuanzia miguuni. Kiganja chake kilipita kwenye shuka polepole. Miguu, pakavu. Magoti, pakavu. Mimi nilikuwa nahesabu. Kiunoni nilikuwa nimefika saba. Begani, kumi na moja. Nilifumba macho. Nilimwomba Mungu, na nilimwomba kwa ukali, mnisamehe, nilimwambia kama hili tone likidondoka sasa hivi mimi na wewe basi. Kiganja cha baba kikafika kwenye mkono wangu, kikasimama hapo, kikaufunika wote. Kilikuwa kigumu na cha moto.

"Umelowa?"

"Hapana, baba. Pakavu."

Kiganja chake hakikuondoka. Nikahesabu mpaka ishirini. Nikahesabu mpaka arobaini. Sikusikia tone. Nikafumbua macho nikamkuta ananitazama, na uso wake sikuuelewa, nikafumba tena.

"Pakavu," baba akasema, kwa sauti kubwa ya kuishinda mvua. "Pakavu kabisa, mke wangu. Hongera."

Mama akakaa chini pale pale mlangoni, akalia na kucheka kwa pamoja, na mwenye nyumba akatoa kichwa chumbani kwake kuuliza kama kuna msiba.

Usiku ule nililala nimejikunja pembeni mwa mto. Kesho yake mama alikwenda sokoni asubuhi, nami nikalala usingizi mzito wa dawa ya kikohozi, nikaamka mchana. Mvua ya pili ilikuja jioni, kubwa kuliko ya kwanza. Nikaweka mkono wangu tayari. Nikahesabu kumi na nane, nikahesabu mia. Halikudondoka tone. Si siku hiyo, si masika yale yote, wala vuli, wala mwaka uliofuata. Kifua changu kikaja kutulia. Sikupelekwa kusini. Nami nikabaki na siri yangu kwamba nilimdanganya baba, na kwamba Mungu alinisikia siku ile, tena akaziba tundu lake mwenyewe. Nimeswali maisha yangu yote nikikumbuka hisani hiyo. Nikiwa na uchungu wa kujifungua niliitaja.

Mabati ya mwenye nyumba yalikuja nilipokuwa nimeshavunja ungo. Dari ikashushwa, nyeusi kwa moshi wa koroboi, mama akaikunja na kuitia chini ya sanduku. Baba alifariki mimi nikiwa na watoto wawili, barazani kwake, nyundo mkononi. Hakuwahi kulitaja tena jambo lile, kama alivyoahidi.

Mama naishi naye sasa. Ni mzee, masikio yamekwisha, mdomo upo. Juzi tulikuwa tunatoa vitu sandukuni mwake kwa ajili ya mchwa, tukaikuta ile dari. Tuliifungua uani juani, mimi nimeshika huku, yeye kule. Baada ya miaka yote hiyo bado ilinuka asali. Nikaigeuza upande wa juu, ule uliokuwa unatazama bati, ambao sikuwahi kuuona. Nikatafuta kipande cha mwisho.

Mshono wake ulikuwa umeshonwa mara mbili. Chini kulikuwa na uzi mwembamba wa pamba, umeoza. Juu yake ulipita uzi mwingine, mnene, wa kahawia, hatua fupi fupi za sindano zilizorudi nyuma kila moja kushika mwenzake, na kila tundu la sindano limejazwa nta nyeusi iliyosukumwa kwa kidole.

"Hapa ulirudia, mama," nikamwambia, kwa sauti ya kumfikia. "Hapa penye kichwa changu. Ulishona vizuri."

Akasogea. Akapapasa. "Hapo? Sikurudia mimi hapo. Ningerudia kwa nini? Hapakuvuja." Akapapasa tena, akacheka kidogo. "Na huu uzi ni wa viatu, wewe. Mimi nitautoa wapi uzi wa viatu?"

Nilikaa chini. Sikujali mchanga wala majirani. Nililia kilio ambacho sikumlilia baba siku tuliyomzika, na mama, asiyejua kitu, akawa ananipigapiga mgongo na kuniambia taratibu, mwanangu, vuta pumzi taratibu. Nilikuwa nahesabu. Nilikuwa kitandani tena, nimefumba macho, nahesabu kumi na sita, kumi na saba. Kwenye kumi na nane tone lilidondoka, jamani. Lilidondoka, na kwenye kumi na nane ya pili likadondoka jingine. Mimi sikulisikia kwa sababu mkono wa baba ulikuwa juu ya wangu.